Samaki hawakurupuki tena: kutafuta chanzo, kuanzia hewa hadi dawa zilizomo majini

Mfugaji akiniambia samaki wake wamekuwa wapole, hawaogopi mtu wala ndege, swali langu la kwanza ni moja: tangu lini? Kama ni miezi, na walianza mmojammoja, huenda wamezoea tu. Kama ni tangu wiki iliyopita, na ni wote kwa pamoja, naomba kwanza nione maji.

Tatizo hili huchelewa kugundulika kwa sababu linapendeza machoni. Samaki anakula vizuri, magamba yanang'aa, haogopi kitu. Hakuna maiti inayoelea wala kidonda. Unachokuja kukiona ni idadi kupungua kidogokidogo, na yangeyange aliyekuwa akisimama asubuhi nzima bila kupata kitu sasa anaondoka ameshiba ndani ya robo saa.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu zinaanza na ile inayokutwa mara nyingi na kuishia na ile adimu. Dawa za binadamu zinazoingia majini kupitia majitaka utazikuta chini kwenye orodha karibu kila mahali, na ndipo panapozistahili. Watu wengi wakishasikia habari ya dawa majini hurukia huko moja kwa moja, kumbe bwawa linakosa hewa. Lakini zipo, zinapimika, na tabia zinazosababisha zinajulikana vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

## Samaki mzima hufanyaje

Usipojua kukurupuka kwa kawaida kunafananaje, hutajua kilichopotea.

Kuna mshtuko wa neva. Sehemu ya nyuma ya ubongo wa samaki wengi kuna seli mbili kubwa ziitwazo seli za Mauthner, moja kila upande. Kishindo kikitokea kushoto, seli ya kushoto hufyatuka, ujumbe unavuka kwenda kwenye misuli ya kulia, na mwili unajipinda kama herufi C kabla mkia haujasukuma maji. Yote hayo huanza ndani ya milisekunde 10 hivi.

Kuna hofu ya pua. Mwaka 1938 Karl von Frisch, yuleyule aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1973 kwa kazi yake juu ya nyuki, alieleza kwamba ngozi ya samaki mdogo aliyejeruhiwa hutoa kitu majini, na wenzake wakikinusa tu hukimbia, hata kama hawajamwona adui. Ukoo wenye hofu hii kwa nguvu ni ule wa kambare, kapu na samaki wa dhahabu. Perege hawamo katika ukoo huo. Wana ishara zao za hatari, ila kipimo cha ngozi nitakachokieleza baadaye usikitegemee kwao.

Halafu kuna hofu ya kundi: kubanana, kuganda chini, kisha kukawia kurudi kula. Hii ndiyo inayosimamiwa na kemikali za ubongo kama GABA na serotonini, na ndiyo inayoguswa zaidi na dawa. Vipokezi vya samaki vya kemikali hizo vinafanana na vyetu. Kidonge kilichotengenezwa kumtuliza mtu mwenye wasiwasi kikifika mtoni kinakuta kufuli ileile.

## Kabla ya dalili yoyote: anza hapa

Pima oksijeni alfajiri, kabla jua halijapanda. Usiku kucha mwani na samaki wote wamekuwa wakivuta hewa ileile, na kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, usiendelee kusoma. Washa pampu ya hewa kwanza.

Pima amonia, nitriti, pH (kipimo cha uchachu wa maji) na joto. Kisha chukua kalamu uandike kila kilichoingia majini ndani ya siku 30: dawa, mbolea, samadi, chakula kipya, maji ya chanzo kipya, dawa ya wadudu iliyopuliziwa jirani, mifugo iliyoogeshwa. Andika hata unachokiona hakina maana. Mara nyingi jawabu huwa kwenye mstari ambao mtu alitaka kuuruka.

Baada ya hapo fanya kipimo cha kivuli. Chukua kipande cha boksi kikubwa kama sinia, simama mahali ambapo samaki hawauoni mwili wako, kipitishe juu ya maji mara moja, kwa kasi ya ndege. Rekodi kwa simu kwenye mwendo wa polepole, kwa sababu macho hayawezi kufuatisha. Angalia mambo matatu: wangapi wamejipinda, kama wamebanana, na dakika ngapi zimepita mpaka wa kwanza kurudi kwenye chakula. Usirudie zaidi ya mara tatu kwa siku. Watazoea boksi, nawe utadhani wameugua.

Namba hizo pekee hazisemi mengi. Zinasema ukizilinganisha na samaki wa aina ileile, umri uleule, kwenye maji mengine. Kama huna bwawa la pili, weka samaki kumi kwenye tangi la maji safi ya chanzo tofauti wiki mbili, kisha pima upya.

## Dalili ya kwanza: kivuli kinapita, hawatikisiki

Mazoea. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Samaki anayelishwa kwa mkono anajua kivuli kinaleta chakula. Jaribu kwa upande wa bwawa usiotumika kulishia, saa isiyo ya kulisha. Wakikurupuka huko, huna tatizo.

Hewa kidogo au nitriti. Samaki anayehema juu ya maji hana nguvu ya kukimbia, na tayari yuko pale ndege anapomtaka. Kwenye nitriti, damu hubadilika kuwa kahawia. Funua matamvua ya samaki mmoja uone kama yana rangi ya chokoleti. Badilisha sehemu ya maji, punguza chakula. Chumvi ya kawaida husaidia, kwa kuwa kloridi hushindana na nitriti kwenye mlango uleule wa matamvua.

Dawa uliyotia mwenyewe. Mafuta ya karafuu na dawa nyingine za kulaza samaki wakati wa kusafirisha zikizidi au maji yakibaki yaleyale, samaki huzubaa. Wakiingia maji safi wanapaswa kuchangamka ndani ya dakika, si siku. Wakibaki wamelegea hadi kesho yake, tafuta sababu nyingine. Formalini nayo hunyonya oksijeni, kwa hiyo unaweza kuilaumu dawa wakati kosa ni la hewa iliyotoweka.

Macho. Minyoo ya jamii ya Diplostomum hukaa kwenye lenzi ya jicho la samaki, na jicho linaota ukungu mweupe. Samaki kipofu hakioni kivuli, ila ukigonga ukingo wa tangi anaruka. Hiyo ndiyo njia ya kumtofautisha: kivuli hapana, kishindo ndiyo. Minyoo hii hupitia konokono na ndege wa majini, kwa hiyo pambana na konokono. Wapo minyoo wengine waovu zaidi, kama Euhaplorchis wa pwani ya California, ambaye hukaa kwenye ubongo wa samaki na kumfanya ajipinde na kumeremeta karibu na uso wa maji mpaka ndege amchukue. Ndege huyo ndiye mnyoo anayemhitaji ili akue.

Dawa za kutuliza kutoka majitaka. Fika hapa tu kama manne ya juu umeyafuta. Alama yake: samaki wa rika zote wamebadilika pamoja, wanakula, macho safi, matamvua mekundu, na maji yanapokea mkondo unaopita karibu na makazi, hospitali au mtambo wa majitaka. Nenda kwenye sehemu ya hatua za kina.

## Dalili ya pili: wanatawanyika, wanathubutu, wanarudi kula haraka mno

Hapa wanashtuka. Kivuli kikipita wanaruka kama kawaida. Tatizo linafuata baadaye: badala ya kubanana, kila mmoja anaelekea kwake, na kabla dakika haijaisha wengine wako juu tayari wanadokoa chakula.

Sababu ya kwanza ni njaa. Samaki mwenye njaa hupiga hesabu ya hatari tofauti na aliyeshiba. Walishe vizuri siku tatu, pima tena. Ya pili ni asili yao: vifaranga waliototolewa na kukuzwa kwenye matangi hawajawahi kumwona mla-samaki, na vizazi vikipita wenye woga hupungua kwa kuwa wanakula kidogo na kukua polepole. Hao walikuwa hivyo tangu ulipowaleta. Ukiulizwa "tangu lini" na jibu likawa "tangu mwanzo", umemaliza.

Ya tatu ndiyo yenye habari ndefu.

Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi waliwaweka samaki wa aina ya Perca fluviatilis kwenye maji yenye oksazepamu, dawa ya wasiwasi ya jamii ya benzodiazepini, kwa kiasi cha mikrogramu 1.8 kwa lita. Si kiasi cha kuua chochote. Walikuwa wamepata dawa hiyohiyo kwenye Mto Fyris, unaopita Uppsala na kupokea majitaka yaliyosafishwa. Samaki wale walichangamka, wakaacha kukaa na wenzao, wakatoka mafichoni upesi, wakala haraka. Ukimwonyesha mfugaji samaki wa namna hiyo bila kumweleza kitu, atakuuliza unawalisha nini.

Mwaka 2025 yakaja matokeo mengine kutoka Uswidi hiyohiyo, safari hii mtoni kwenyewe. Samoni wadogo waliwekewa vipandikizi vinavyotoa polepole klobazamu, dawa nyingine ya jamii hiyo ya benzodiazepini, wakaachiwa wateremke Mto Dal kwenda Bahari ya Baltiki. Wenye dawa walifika baharini wengi kuliko wasio nayo, na walipita mabwawa ya umeme kwa haraka zaidi. Mtu anaweza kusema basi dawa imewafaa. Lakini walipoangaliwa maabara, hawakubanana kama inavyotakiwa pale mla-samaki alipokuwapo. Aliyefika peke yake baharini mapema bado hajakutana na bahari. Ninayaeleza haya kwa sababu kila mara yupo mfugaji anayefurahia samaki wake kuwa majasiri na kuuliza kwa nini arekebishe.

Kwenye bwawa, dalili hii hudhihirika kwanza kwa vifaranga. Ukiona waliobaki ni wakubwa tu, na vifaranga wanapungua bila maiti, hesabu ndege wanaokuja na muda wanaokaa. Hesabu hiyo ina thamani kuliko kuwatazama samaki.

## Dalili ya tatu: wanaona kivuli, ila harufu ya hatari haiwagusi

Kipimo chake, kwa kambare, kapu na ndugu zao: chukua samaki wa aina ileile aliyechinjwa sasa hivi, kwangua ngozi ya ubavuni kipande kisichozidi kucha, suuza kwenye kikombe cha maji ya bwawa lao, chuja, mimina taratibu kwenye kona moja bila kujionyesha. Samaki wazima wataacha kula, watazama, watabanana au kuganda chini ndani ya dakika moja hivi. Fanya mara moja tu kwa wiki.

Wasipojibu, tuhuma ya kwanza ni pH. Maji yakishuka hadi kama 6, kemikali ya hofu huharibika na samaki hawaipokei. Pua ni nzima, ujumbe ndio umevunjika. Chokaa ya kilimo hurekebisha hili. Iweke kwa awamu, ukipima kila siku.

Ya pili ni shaba, na hapa nina deni la kulipa. Mwaka mmoja nilitia mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwenye bwawa la kambare ili kuua mwani. Nilipima vizuri, nikakoroga, nikamwaga ukingo hadi ukingo. Hakufa hata mmoja, nikajisifu. Siku ya nne kambare mmoja alijichubua kwenye wavu, ngozi ya ubavu ikabanduka kama karatasi iliyolowa, nikamrudisha majini. Wenzake walipaswa kuzama wote. Walimzunguka, na mmoja akaanza kumdonoa lile pande la ngozi lililokuwa likining'inia. Nilikaa ukingoni na ndoo mkononi, kama dakika kumi, nikiwatazama. Hawakuwa wakinusa chochote.

Baadaye nilielewa. Kwa samoni aina ya coho, mikrogramu 2 tu za shaba iliyoyeyuka kwa lita moja zinatosha kupunguza hofu ya harufu, kiasi kilicho chini sana ya kile cha kutibu mwani. Seli za harufu za samaki huota upya, kwa hiyo maji yakisafishwa pua hurudi, iwe kwa siku au wiki kutegemea walivyoungua. Mrututu usitumie kabisa pale ambapo ukali wa chokaa katika maji, yaani alkalini, uko chini ya miligramu 50 kwa lita. Hapo hautaua pua pekee, utaua samaki.

Ya tatu ni dawa za wadudu. Diazinoni kwa mikrogramu 1 kwa lita iliwafanya samoni wachanga waendelee kuogelea na kula huku harufu ya hatari ikiwa imewazunguka. Uliza majirani walipulizia lini, na mvua ilinyesha lini baada ya hapo.

## Dalili ya nne: wanakurupuka wakiwa wamechelewa, au wanakurupukia upande wa adui

Anza na joto. Maji yakipoa misuli inapoa nayo. Mshtuko wa asubuhi ya baridi haufanani na wa mchana. Kisha amonia, ambayo hulegeza misuli na kuvuruga neva. Ujue pia kwamba amonia huwa kali zaidi pH inapopanda, na kwenye bwawa lenye mwani mwingi pH hupanda alasiri. Pima asubuhi na alasiri siku hiyohiyo.

Sababu hiyo ya alasiri inahusu dawa pia, jambo ambalo wachache hulifikiria. Fluoksetini, dawa ya sonona inayotumika kote duniani, huingia mwilini mwa samaki kwa wingi zaidi maji yanapokuwa na pH ya juu. Kwa hiyo mabwawa mawili yanayopata maji kutoka mfereji mmoja yanaweza kuwa na samaki wenye hali tofauti, na lile la kijani kibichi ndilo litakaloumia. Dawa hiyo haibaki majini tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 kuhusu kijito cha Texas kinachobeba hasa majitaka yaliyosafishwa ulikuta fluoksetini na sertralini, dawa nyingine ya sonona, kwenye ubongo, ini na nyama ya samaki.

Kwa vifaranga, dawa za jamii hii zimeonekana kubadilisha namna wanavyojipinda na kukwepa. Majaribio ya mwaka 2009 kwa vifaranga vya Pimephales promelas, samaki mdogo wa Amerika Kaskazini, yalitumia viwango vya aina inayopatikana mitoni, si vya kulewesha. Kifaranga akichelewa sehemu ndogo ya sekunde, mdomo umeshafika. Kwa jicho hutaona tofauti. Rudi kwenye video ya simu, hesabu picha kuanzia boksi linapoingia hadi mwili kujipinda, linganisha na kundi la maji safi.

Samaki wakigeuka kombo, wakizunguka mhimili wao au kulala ubavu baada ya kushtuka, usihesabu picha tena. Ruka hadi sehemu ya mwisho.

## Dalili ya tano: wanaruka ovyo, au wamejibanza na hawatoki

Mara nyingi adui yupo kweli. Kenge, fisi maji au mnandi amekuwa akija usiku au alfajiri, na samaki wako sahihi. Tafuta nyayo kwenye tope kabla ya kutafuta maabara.

Kama hakuna adui, fikiria dawa za kuogeshea mifugo za jamii ya pairethroidi: kiasi kidogo mno huwaua samaki, na kabla ya kufa huruka, hutetemeka, hugonga ukingo. Ivermektini iliyopita kwenye samadi ya mifugo iliyotibiwa ni ya kuangaliwa pia. Samadi hiyo isiingie bwawani. Ukikuta na wadudu wa majini na kamba wamekufa, usiwe na shaka kwamba ni sumu.

## Hatua za kina pale unaposhuku dawa za binadamu

Usianze na maabara. Anza na miguu. Fuata mkondo unaoingia bwawani kwenda juu kadiri utakavyoweza, ukitafuta mabomba, mashimo ya choo yanayovuja, povu, utando wa kijivu kwenye mawe, harufu. Nenda mara mbili, siku kavu na siku ya mvua, kwa kuwa mashimo mengi huvuja mvua ikinyesha.

Ukipata chanzo, zuia kwanza. Geuza mfereji, tumia maji ya kisima au ya mvua. Hili peke yake humaliza kesi nyingi.

Sampuli ya maabara ichukuliwe kwenye chupa ya kioo cheusi au kahawia iliyosafishwa, isiyowahi kubeba dawa. Ijaze bila kuacha hewa, iweke kwenye barafu, iwe maabara kesho yake. Usishike sampuli ukiwa umejipaka dawa ya mbu au umetoka kunywa kahawa na mikono haijaoshwa: kafeini ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Kwa kweli omba kafeini kwanza. Ikiwapo, majitaka ya binadamu yanaingia, na hapo inafaa kutafuta dawa mojamoja. Ikikosekana kabisa, rudi kwenye orodha zilizo juu kabla hujaendelea. Kipimo cha dawa zenyewe hufanywa kwa kromatografia iliyounganishwa na spektrometria ya tungamo. Vile vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi havioni dawa hata moja kati ya hizi.

Kwenye tangi, mkaa maalumu wa kuchujia hunasa sehemu kubwa ya dawa hizi, ila hujaa. Ubadilishe kabla haujachoka, na utoe unapotibu samaki maana hunasa tiba yako pia. Dawa ya kuondoa klorini haigusi dawa za binadamu. Kuchemsha maji hakusaidii. Taa ndogo za kuua vijidudu usizitegemee kwa kazi hii. Kwenye bwawa kubwa huna mkaa wa kutosha: kuna maji mapya na muda.

Na kama nyumbani kwako kuna vidonge vilivyopitwa na wakati, usivimwage chooni, hasa ikiwa choo na bwawa viko kwenye mteremko mmoja. Rudisha duka la dawa au kituo cha afya kinachopokea.

## Acha kujaribu, ita mtaalamu

- Samaki wa aina zaidi ya moja wanakufa ndani ya saa chache, au vyura na wadudu wanakufa pamoja nao.
- Wanatetemeka, wanazunguka, wanalala ubavu, au mgongo umepinda ghafla.
- Maji yana harufu ya dawa, utando wa mafuta au rangi usiyoijua.
- Umekwisha kutia dawa mbili na hali haijabadilika. Ya tatu usitie. Kuchanganya formalini, permanganeti na mrututu kunaweza kuua samaki ambao ugonjwa wenyewe usingewaua.
- Watu au mifugo wanakunywa maji hayohayo.

Katika hali hizo mwite daktari wa mifugo anayejua samaki au afisa uvuvi, na wajulishe mamlaka ya maji. Usimwage maji ya bwawa kwenye mto ili "kuanza upya". Usile wala kuuza samaki hao mpaka uambiwe. Na kama ni wewe uliyewatibu, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa. Weka samaki wawili watatu waliokufa karibuni kwenye barafu, wasigandishwe, pamoja na chupa ya maji iliyochukuliwa siku hiyohiyo. Aliyeoza hamwambii daktari kitu.

Ukishabadilisha maji, pima kivuli mara moja kwa wiki, saa ileile, boksi lilelile. Usitarajie mstari ulionyooka. Trauti wa kahawia waliokaa wiki nane kwenye maji yenye methamfetamini, dawa ya kulevya, mikrogramu 1 kwa lita walipohamishiwa maji safi walipunguza mwendo kwa siku nne za mwanzo. Wako wanaweza kufanya vivyo hivyo, na wiki ya kwanza ndiyo ambayo watu wengi huogopa na kutia kitu kingine. Funika bwawa kwa wavu wa ndege, lisha kidogo, na kipimo cha kuamini kiwe cha wiki ya pili kwenda mbele.